Milango Minane

Vyoo vinane vya shule, Ziwa la Ng'ombe,
vimepakwa rangi ya samawati mpaka madirishani,
mabati mapya yawaka kwa jua la saa sita
na hakuna mlango hata mmoja.

Misumari tunayo. Kilo tisa.
Fundi Charo alinunua tatu pale Kongowea,
Bwana Msellem tatu, duka la shemejiye,
Mwalimu Wakesho tatu, kwa pesa zake, na risiti.
Kila mmoja alisikia vyema kikaoni:
"Tutanunua misumari."
Na kila mmoja alisikia vyema vilevile:
"Tutaleta milango."

Mimi ndiye katibu. Daftari ni langu.
Usiku ule niliketi na taa ya simu,
umeme umekatika mtaa mzima,
nikasoma kumbukumbu za vikao sita
kama mtu anayetafuta shilingi iliyodondoka mchangani.
Tutapima. Tutaagiza. Tutafuatilia.
Itashughulikiwa. Litaangaliwa. Imekubalika.
Kurasa ishirini na moja,
na sikumkuta mtu ndani yake.
Nyumba ya vitenzi, wenyewe wamehama.

Kiambishi hiki, tu, nikajiambia, ni kitamu.
Chaingia kinywani kama kaimati:
nje shira, ndani hewa.
Wasema tutafanya, watu wapiga makofi,
waenda zako Bombolulu kulala.
Ni ndicho chenye mfupa.
Ni huja na jina la babako, na siku ya Alhamisi.

Kwenye ukuta wa shule wameandika: Umoja ni nguvu.
Sikatai. Lakini nguvu ya kubeba nini,
kutoka wapi, na nani ashike upande gani,
mpaka rangi hakuambiwa.

Kikao cha saba nikawauliza mmoja mmoja.
Nilidhani ni jambo dogo.
Fundi Charo akakohoa. "Sisi mafundi tuta..."
"Wewe, Charo."
"Mimi..." Akatazama vidole vyake, saruji kwenye kucha.
"Mimi nitapima fremu. Zote nane. Jumanne."
Ikaanguka mezani kama kitu kizito. Nikaandika.
Msellem: mbao, Jumatano, na usafiri ni juu yake.
Wakesho: ufunguo wa geti, asimpe mwingine,
maana lori la mchanga lilishawahi kurudi na mchanga wake.
"Na nikiumwa?" akauliza Mwalimu.
Hatukuwa tumewahi kufikiria kuumwa.
Tukaandika jina la pili, kwa penseli.

Kisha Nyevu, mdogo wetu, aliyenyamaza vikao vyote:
"Na wewe, Katibu?
Kitabu cha risiti, muhuri, namba za mafundi,
mbona vyote vimo mkobani mwako?"
Nikacheka. Hakucheka.
Nikasema, "Nawapunguzia kazi."
Akasema, "Watupunguza sisi."

Kitabu nilimpa siku ya pili, si siku ile.
Nilikishika kidogo upande wangu, naye upande wake,
kama watu wawili wanaokunja shuka.
Juma zima mkono wangu ulipapasa mkobani.
Mwandiko wake mbaya. Hesabu zilitimia.
Sikumsahihisha ila mara mbili.

Milango imesimama. Saba yafunguka nje,
wa nane ndani. Charo asema ndivyo alivyopima,
na kwa kuwa ni yeye aliyepima
hatukugombana ni nani. Atarudi Jumatatu.

Leo tumefika kwenye sabuni.
Nani ataleta sabuni, kila wiki, muhula mzima?
Wote wanatazama feni.
Msellem ameanza, "Tu..." akameza.
Nimechora mstari daftarini, sijaweka jina.
Ile ni yangu iko ncha ya ulimi, ladha yake naijua.
Nauma kalamu. Nangoja.